Kwenda Bugarama na Karatasi ya Mpwa Wangu

Buyenzi

Nilipoondoka Tanga kwenda kulitazama ziwa la Tanganyika kwa upande wake wa Burundi, haja niliyokuwa nayo tangu ujana na ambayo dunia iliniahirishia mwaka baada ya mwaka, sikuwa na shughuli ya kunifunga isipokuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, niliyokabidhiwa na mtoto wa dada yangu akaaye Nairobi, kijana wa akili timamu katika kila jambo ila moja, nalo ni gari. Anayo Toyota Starlet, kongwe takriban sawa na umri wake, ambayo siku za juma humpeleka kazini na Jumapili moja moja humpeleka kiwanja cha Jamhuri, katika mashindano yaitwayo otokrosi, ambamo magari huachiwa kuzunguka njia fupi ya vumbi yenye kona nyingi, na hakimu wa mwisho ni saa. Yeye hushindana katika kundi la magari yavutwayo na magurudumu mawili yasiyo na turbo, na kwa miaka miwili hajapata kuitwa mbele kupokea hata kikombe cha tatu. Basi aliandika: "Mjomba, nasikia Buyenzi kuna mafundi na injini za kila namna, niulizie bei, na zaidi ya bei niulizie shauri," kisha akayapanga matamanio yake kwa taratibu: injini ya turbo itokayo katika Starlet GT, ikishindikana, kemshafti kali, kuchonga hedi ili injini ibane zaidi, ekzosi pana, flaiwili nyepesi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili katika mji wa Bujumbura. Njia zake zimepigwa moja kwa moja na kukatana kama mistari ya ubao wa dama. Alfajiri huamshwa na adhana na harufu ya chapati, na baada ya hapo huamshwa tena na nyundo, maana aghalabu ya mafundi wa magari wa mji huo wamo humo, wakifanya kazi kandokando ya njia, vyuma vimetandazwa juu ya magunia na injini zikining'inia kwa minyororo. Kiswahili chao mtu wa pwani hukielewa chote ila majina ya vyuma, kwa kuwa vyuma viliwafikia kwa kinywa cha Mbelgiji: injini kwao ni moteri, na plagi ni buji, neno ambalo kwa Kifaransa ndilo hilo hilo la mshumaa, na ambalo kwa kweli linaeleza kazi ya chombo hicho kuliko neno letu.

Fundi niliyeelekezwa kwake, mtu wa makamo mwenye kanzu iliyopauka chini ya aproni ya ngozi, aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia. Sikuona dharau usoni mwake. Aliniuliza kama gari la mpwa wangu hula oili. Lini mara ya mwisho lilipimwa kompresheni silinda kwa silinda. Na matairi yake yakoje. Sikuwa na jibu hata moja. Nikampigia simu mwenyewe, naye akanijibu vizuri juu ya matairi, akajibu kwa kusitasita juu ya oili, na juu ya kompresheni akasema mtandao unakatika.

"Mzee wangu," akasema fundi, "huyu kijana anataka kuoa mke wa pili na wa kwanza hajamlisha."

Kisha alinifafanulia, na mimi namnukulu kwa kadiri nilivyofahamu. Injini ya Starlet hiyo ina ujazo wa sentimita mchemraba 1,331, na kwa kuwa kila silinda huvuta pumzi mara moja katika mizunguko miwili, basi ikizunguka mara 5,000 kwa dakika itataka takriban lita 3,300 za hewa katika dakika hiyo. Ringi zikiisha na vali zikivuja, hewa iliyovutwa kwa taabu hiyo hutoroka kabla haijafanya kazi, na kila kitakachoongezwa juu yake kitatoroka nayo. Mintarafu ya turbo alikuwa mkali zaidi. Injini ile ya GT hutoa nguvu za farasi 135, lakini huzitoa karibu na mizunguko 6,400. Na turbo huzungushwa na moshi utokao, hivyo dereva anapoachia mafuta ili akate kona moshi hupungua na turbo husinzia, naye anapokanyaga tena hana budi kuingoja iamke. Katika njia kuu si neno, lakini katika kiwanja ambacho kona hufuatana kama shanga, gari huwa limekwisha fika kona ya pili kabla nguvu ya kona ya kwanza haijawasili. Isitoshe, akishatia turbo atatolewa katika kundi lake na kutiwa kundi la wenye turbo, ambao fedha zao na zake hazilingani.

Bei hakunitajia. Alinipa kikombe cha chai.

Mugere

Barabara ya kusini huandama ziwa kwa karibu sana, mlima mkono wa kushoto na maji mkono wa kulia, kiasi kwamba mtu aliyezoea bahari hupatwa na fadhaa kidogo, kwani macho yanamwambia hii ni pwani na pua inakataa: hakuna chumvi. Ng'ambo, asubuhi ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana samawati kama wingu lililosahauliwa. Ziwa hili liko mita 773 juu ya bahari na kina chake hufika mita 1,470, na hapana ziwa duniani lipitalo kina hicho ila Baikal. Lakini uso wake asubuhi ile ulikuwa mtulivu kama maji ya kutawadha.

Kilomita chache kutoka mjini, penye Mugere, tulisimama kulitazama jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wenyeji wapo wanaosema hapa ndipo wazungu wale walipokutana, ilhali walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji siku kadhaa kabla; walipofika hapa walikuwa pamoja katika mtumbwi, wakielekea kaskazini kutatua swali moja lililowasumbua wanajografia wa Ulaya, yaani kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka. Burton na Speke walikwisha kuambiwa mwaka 1858 kwamba huingia, na wenyeji wakijua hivyo tangu dahari, lakini maneno ya watu weusi hayakutosha. Walifika mdomoni mwa mto, wakautazama, wakaona unaingia.

Dereva wetu, kijana wa Rumonge ambaye Probox yake nyeupe ilibeba watu wanane na adabu ya kutosha kumi na wawili, aliposikia ninasimulia haya akacheka, akasema hilo ndilo swali la kila fundi: kinaingia nini na kinatoka nini. Nikamsomea neno la ekzosi pana. Alisema rafiki yake alitia bomba pana katika Corolla, na kilichoongezeka ni kelele, kwa kuwa moshi wa injini ndogo ukipewa nafasi kubwa hupoteza mwendo wake, na injini hudhoofika pale chini ambapo mtu anaihitaji kuondoka. Nilichukua kalamu nikalikata neno hilo. Ni la kwanza nililolikata bila majuto, kwa sababu kelele za gari la mpwa wangu nazijua, nilipokuwa mgeni Nairobi ziliniamsha.

Magara

Tulipita Gitaza, ambako mlima bado una kovu la mwaka 2015, mvua ilipouporomosha udongo na mawe juu ya nyumba na juu ya barabara, roho zikapotea na kusini kukakatika na mji. Abiria walinyamaza mahali pale, na aliyekuwa akizungumza kwa simu aliishusha simu.

Magara ni ya wavuvi. Hapo nilikula mukeke, samaki wa ziwa hili na fahari ya meza yake, aliyepasuliwa mgongoni, akapakwa chumvi na pilipili, akachomwa juu ya makaa mpaka ngozi ikapasuka kwa nyufa ndogo na mafuta yake yakawa yanatiririka na kuwasha moto upya; akaletwa na ndizi za kuchoma, vitunguu vibichi na ndimu. Nyama yake ni nyeupe, imeshikamana, na si hodari wa miiba. Mimi ni mtu wa changu na kolekole, wala sitaukana ulezi wangu, lakini nilimaliza wa kwanza na nikaagiza wa pili.

Mama aliyetuandalia alisema ziwa limepanda miaka hii, na kwamba mahali alipokuwa akiweka jiko lake zamani sasa mtoto huweza kuoga.

Bugarama

Nilipotaja Bugarama mjini Bujumbura, watu wote walidhani ninakwenda ile ya njia ya Muramvya, penye baridi na kabichi, ambako vijana wa baiskeli huteremka mbio na mikungu ya ndizi. Hii ni nyingine: ni tarafa ya zamani ya milima ya juu ya Magara, iliyokuwa katika mkoa wa Rumonge tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015 hata mipaka ilipopangwa upya mwaka 2025, katika nchi ya miteremko waiitayo Mumirwa, kati ya ukanda wa joto wa Imbo ulio kando ya ziwa na mgongo wa juu unaogawa maji ya nchi, yale ya huku yakishuka ziwani, na kwa mto Lukuga yakienda Kongo hata bahari ya Atlantiki, na yale ya upande wa pili yakiufuata mto Nili.

Njia ya kupanda ni ya udongo mwekundu, nyembamba, yenye kona za kugeuka nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilikuwa nimeketi mbele, nikamwangalia dereva kwa makusudi. Probox ile haikuwa na saa ya kuonyesha mizunguko ya injini, alikuwa akisikiliza. Kabla ya kona, si ndani yake, alishusha gia, akauachia mguu wa klachi polepole gari likiwa bado limenyooka, kisha akalizungusha lote pamoja na watu wake wanane, magunia mawili ya chumvi na jogoo mmoja, na injini ikavuta kwa sauti nzito ya chini, bila kulia, bila gurudumu kuteleza. Hakuipandisha injini hata mara moja mpaka ikapiga kelele. Nilihesabu kona kumi na moja, na mkono wake wa kushoto ulirudi kupumzika juu ya goti kila mara kwa namna ile ile.

Juu, penye soko dogo lililozungukwa na migomba na kahawa, alinipeleka kwa mzee mmoja atengenezaye pikipiki na mashine za kusaga. Alinisalimu kwa namna yao, mkono wa kulia ukitolewa na wa kushoto ukiushika kiwiko kwa taadhima, akasema "Amahoro," kisha akaendelea kwa Kiswahili safi cha Tabora. Alitoroka nchi kijana mdogo katika mauaji ya 1972, yaliyoanza mwambao huu huu mwishoni mwa Aprili, akakulia Ulyankulu, akajifunza ufundi kwa kutengeneza matrekta ya tumbaku, akarudi mwaka 2009 na mke, watoto na sanduku la spana. Alipokuta mtu mwingine analima shamba la babake, wakasuluhishwa kwa kuligawa. Alilieleza jambo hili kwa sentensi mbili, nami sikumuuliza ya tatu.

Karatasi aliisoma kwa miwani iliyofungwa uzi. Aliligonga kwa kidole neno la kemshafti kali, akasema kemshafti ya namna hiyo huchelewesha kufunga vali ili injini ipumue vizuri ikizunguka kwa kasi, na malipo yake ni kwamba ikizunguka polepole hukohoa. Tena aliyeifunga atalazimika kuishi huko juu daima, na otokrosi, kwa alivyoisikia kwangu, haina huko juu. Halafu akaigeuza baiskeli ya mjukuu wake, akashika pedali. "Ndugu yangu, ukipanda mlima, unataka mkono mfupi au mrefu?" Nikasema mrefu. Akasema injini ya mpwa wako ina ndugu yake wa tumbo moja. Mdomo wa silinda ni ule ule, milimita 74, lakini pistoni ya Starlet hutembea milimita 77.4 na ya ndugu yake hutembea 87, ndipo ujazo ukafika 1,497. Nayo imo katika Toyota Raum, gari la kina mama, ambalo hakuna mshindani analolitamani na kwa hiyo injini yake haina bei ya fahari.

Wahandisi watasema mfano wa pedali ni wa kitoto, kwa kuwa kinachovuta ni ujazo wa hewa inayochomwa kuliko urefu wa mkono peke yake, nao wana haki. Lakini hesabu ilinipendeza. Ujazo ule umezidi kwa takriban moja ya nane. Na Nairobi, kwa kuwa iko juu zaidi ya mara mbili ya ziwa hili, shinikizo la hewa yake limepungua kwa karibu moja ya tano kuliko la Tanga. Injini ya Raum, basi, itamrudishia mpwa wangu sehemu kubwa ya kile ambacho mji wake humnyang'anya kila apumuapo, bila turbo na bila kuhamishwa kundi.

Juu ya kuchonga hedi tulikhitilafiana. Mzee hakutaka kulisikia, kwa sababu huku mafuta yamekuwa adimu miaka mingi na mengi hupanda mlima katika madumu, yakitoka Kongo au Tanzania, na mafuta dhaifu yakibanwa sana hujiwasha kabla ya wakati na kuigonga pistoni kama nyundo. Mimi niliona kwamba penye hewa nyepesi injini hustahimili kubanwa kidogo zaidi, na mafuta ya Nairobi ni ya pampu. Alikubali nusu. Neno hilo nililiacha bila kulikata, nikalitia alama ya kuuliza.

Usiku tulikula maharage yaliyokaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo uliokuwa ukinyooka kama mpira. Wenyeji walizungushiana mtungi wa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, mzee kwanza, na mimi nikapewa chai ya maziwa pasipo mtu kuniuliza sababu. Nikawalipa kwa kisa. Niliwasimulia Safari Rally ya mwaka 1993, ambamo Mkenya Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita mchemraba 658, ambacho mtu mrefu hukivaa badala ya kukipanda. Na mwenziwe katika Vivio nyingine alikuwa Mskoti Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Ya McRae haikufika mwisho. Njiru alifika, akashinda katika kundi lake. Mzee akauliza papo hapo kama pumzi ya ziada ya kigari hicho ilikuwa ya turbo au ya mkanda. Nilipomwambia ilikuwa pampu ya hewa izungushwayo na mkanda wa injini yenyewe, isiyongoja moshi, aliwageukia vijana kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Rumonge

Kushuka tena ni kuingia katika joto, na katika michikichi. Kuanzia Minago hata Rumonge michikichi imesimama kwa maelfu, na kila penye kijito pana kikamulio. Nilisimama kwenye kimoja. Chikichi nyekundu huchambuliwa kutoka katika vichala vyake vyenye miiba, huchemshwa katika pipa mpaka zilainike, hupondwa, kisha hutiwa katika shinikizo la chuma lenye parafujo, ambalo vijana wawili hulizungusha kwa mtaimbo wakienda duara kama ng'ombe wa kinu. Na mafuta hutoka mazito, ya rangi ya machungwa iliyoiva, yakipiga povu. Kokwa hazitupwi, huvunjwa baadaye kutoa mafuta ya mise. Mmoja wa vijana wale alinishika mkono kunivusha penye utelezi, na kiganja chake kiliacha alama tano za rangi ya machungwa katika mkono wa shati langu na, kama nilivyogundua baadaye, katika karatasi iliyokuwa mfuko wa kifuani.

Rumonge yenyewe ni mji wa soko, wa bandari na wa misikiti, na Kiswahili humo ni cha nyumbani. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakivuka kuja mwambao huu tangu karne ya 19, na mmoja wao, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingia kwa silaha katika nchi ya Mwami Mwezi Gisabo na akarudishwa. Waliobaki ni wale waliokuja na mizani badala ya bunduki, na wajukuu wao ndio walionikaribisha. Nilikaa siku mbili, nikitazama ndagala, ndio dagaa, zikianikwa asubuhi kama fedha iliyomwagwa, na usiku taa za wavuvi zikijipanga ziwani hata mtu asijue mji uko upande gani.

Usiku wa mwisho nilimwandikia mpwa wangu. Nilimwambia apime kompresheni kabla ya kununua hata skrubu moja. Abadili ringi na sili za vali ikiwa lazima, au asijisumbue nazo ikiwa ataipata injini ya Raum yenye afya, aitie hiyo. Asafishe rejeta, maana kiwanjani gari huvuta sana na kwenda polepole, hata upepo haulipozi. Aondoe kiti cha nyuma. Na fedha zitakazobaki azimalize katika matairi na shokomzoba. Flaiwili nyepesi nilimruhusu, kwa kuwa husaidia injini kupanda upesi baada ya kona, na kwa kuwa kumnyima kijana kila kitu ni kumfundisha kutouliza.

Jibu lilifika kabla sijazima taa. "Ahsante, Mjomba. Na turbo je?"

Nikaifunua karatasi chini ya taa. Mawese yalikuwa yameenea kutoka pembeni hadi katikati, na mstari wa kwanza umekuwa doa moja lililong'aa. Nikamwandikia kwamba mahali hapo pameingia mafuta na maandishi hayasomeki.